Kiraka cha Upande wa Ndani

Nguo ya mtoto haianzi kuharibika kwa tundu, inaanza kwa wembamba. Ukiinyanyua suruali juani, goti linapitisha mwanga huku sehemu nyingine zikiwa bado nzito. Siku hiyo ndiyo ya kuweka kiraka. Anayesubiri hadi goti litoboke atakuta nyuzi za pembeni zimeshalegea, sindano haina pa kushika, na kila mshono anaoupiga hapa unachana pale.

Kiraka kizuri hukatwa kwenye nguo iliyochoka kiasi kama ile inayotengenezwa, mahali ambapo hapakusuguliwa sana, kama mgongo wa shati kuukuu au mfuko wa ndani. Kitambaa kipya na kigumu kwenye nguo iliyochoka ni hasara, kwa sababu kikifuliwa kinasinyaa na kuvuta nyuzi dhaifu za jirani. Kama hakuna kingine, kifuliwe kwanza, kikauke, ndipo kikatwe. Kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Pembe zake zizungushwe, maana pembe kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Kingo zikunjwe nusu sentimita, kiraka kiwekwe ndani ya suruali, kishikizwe kwa mishono mirefu ya muda, kisha kizungushiwe mishono midogo ya milimita 3 hivi. Uzi mrefu hauharakishi kazi. Ukizidi urefu wa mkono mmoja unajisokota na kufunga mafundo; kuupitisha juu ya kipande cha mshumaa kunaupunguzia ukorofi.

Kiraka kilichobandikwa kwa nje kinashika vilevile. Cha ndani kinakula nusu saa zaidi, na hiyo nusu saa haiongezi uimara wowote. Ni kwa ajili ya mtoto asichekwe tu. Waliokulia shambani kwenye nyumba maskini lakini yenye mapenzi wakiulizwa walijuaje kwamba wanapendwa, wachache watataja maneno. Watataja kazi fulani ya mikono iliyofanywa usiku, kabla jambo halijaharibika kabisa, na mtu ambaye naye alikuwa amechoka.

Pindo lina hesabu yake. Kati ya miaka 5 na 10 mtoto hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na karibu nusu ya urefu huo huenda miguuni. Pindo la sentimita 8 basi litamfikisha miaka 2 hadi 3, likishushwa kidogo kidogo. Tatizo ni mstari. Sehemu iliyofichwa inabaki na rangi yake ya zamani, nyingine imepauka, na ukingo wa mkunjo umeacha alama nyeupe isiyotoka kwa sabuni. Wanaojua hupitisha safu mbili za mshono juu ya alama hiyo ionekane kama pambo. Wenzake shuleni hawadanganyiki, lakini aliyevaa anajua kuna mtu aliyeliwaza jambo hilo.

Watoto wakiwa wanne, nguo hushuka ngazi. Hilo halikwepeki. Ila kuna kasoro ambayo wazazi huchelewa kuiona: mtoto wa tatu anaweza kufika miaka 10 hajawahi kumiliki kitu kilichoanza naye. Shati lilikuwa la kaka, daftari lina kurasa za mbele zilizochanwa, hata jina anaitwa kwa kukosewa, likitanguliwa na majina ya wakubwa wake. Dawa yake si lazima iwe nguo mpya. Kijiko chenye alama yake, mche alioupanda na kuumwagilia mwenyewe, au zamu yake ya kwenda shambani na baba wakiwa wawili tu, vinatosha kwa kiasi cha kushangaza, mradi zamu hiyo isivunjwe kila kazi inapozidi.

Viatu ndivyo visivyorithishwa kiholela, kwa kuwa soli hushika umbo la mguu wa aliyetangulia. Kikubwa kinavumilika kikiacha nafasi ya sentimita 1 au moja na nusu mbele ya kidole kirefu. Kikizidi hapo linatiwa tambara mbele, na mtoto afundishwe kulitoa jioni na kulianika, la sivyo ngozi katikati ya vidole itachubuka na kuwasha. Kidogo hakivumiliki. Afadhali kikatwe kisigino kiwe ndara.

Kazi ya kwanza anayopewa mtoto wa shamba ni maji, na ndiyo ya kwanza kukosewa. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto wa miaka 8 mwenyewe ana kilo 25 hivi. Kumtwika ndoo hiyo ni kumbebesha mwenzake. Nyumba inayomjali inaanza na kidumu cha lita 3, kisha cha 5, na mkubwa anayetembea naye ndiye anayebeba kizito. Majani mapana machache juu ya maji, au kibakuli kinachoelea, huvunja mawimbi yasimwagike njiani. Ngata ikazwe. Ikiwa laini mno inalalia upande mmoja, ndoo inainama, shingo inajikaza kufidia, na jioni mtoto analalamika kichwa, watu wakidhani ni homa.

Kiwango cha chini kinachotumika kwenye huduma za dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inahitaji basi lita 90, karibu ndoo 5. Kiangazi zinafika 2 tu. Hapo maji yanapewa safari: yaliyosuuzia mboga yanakwenda kwenye miche, yaliyosuuzia nguo yanafua matambara, kisha yanaosha sakafu au choo. Lakini ya kunywa hayaguswi, na ya kunawa mikono baada ya choo na kabla ya kula hayaguswi pia. Nyumba inayoanza kubana kwenye mikono italipa kwa kuhara, na kuhara kunakula maji mengi kuliko yaliyookolewa.

Kibuyu chirizi kinasaidia sana hapa. Kidumu cha lita 3 hadi 5 kinatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 10 hivi chini ya mdomo, kinaning'inizwa kwenye mti, na kamba inashuka kutoka shingoni mwake hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni inatobolewa na kufungwa pembeni. Makosa ni mawili: tundu kubwa, maji yakaisha kabla ya adhuhuri, na mfuniko uliokazwa, hewa isiingie, maji yakatoka kwa kukoroma. Watoto wanakipenda kwa sababu kinachezeka. Wiki ya kwanza watayamaliza maji kwa mchezo, waachwe.

Kuni zikiwa haba, maji ya kunywa yanaweza kusafishwa kwa jua badala ya kuchemshwa. Chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, ilazwe juani saa 6 mfululizo, au siku 2 kukiwa na mawingu mazito. Maji yawe maangavu. Yakiwa na tope, jua halipenyi, na kazi yote ni bure. Yachujwe kwanza kwa kitambaa au yaachwe yatulie.

Chungu kikiwa kidogo, mkono unaogawa ndio sheria ya nyumba. Mgawaji mzuri anahesabu watu kabla hajazamisha upawa, na anaanza na asiyekuwepo. Fungu la aliyekwenda mbali linatengwa kwanza, linafunikwa, linawekwa juu. Tofauti kati ya kutengewa na kubakishiwa, mtoto anaijua akiwa na miaka 5: alichotengewa kina vipande vya katikati, alichobakishiwa kina ukoko.

Sinia moja ni nzuri kwa undugu na mbaya kwa mtoto wa miaka 2. Anayekula haraka anashiba, anayetafuna taratibu anainuka na njaa, na hakuna anayejua kwa kuwa sinia limekwisha. Mdogo awe na kibakuli chake na mtu wa kukaa naye hadi kiishe. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 hadi 3 kwa siku pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi 9 hadi 23 ni mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati mara moja au mbili. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba kwa mkupuo mmoja wa jioni kile ambacho mwili unataka mchana kutwa. Familia zinazokula mara moja kwa siku wakati wa njaa hujitahidi kumwekea mdogo akiba ya asubuhi kutoka chungu cha jana. Ipashwe moto hadi ichemke, si kuondolewa ubaridi tu.

Kwa wawili wanaogombana, mmoja akate, mwingine achague. Ni mbinu ya zamani na haijashindwa.

Halafu kuna ule uongo maarufu wa mama: "Mimi nimeshakula." Watoto huugundua mapema, kwa kuhesabu sahani wanazoosha. Uongo huo husifiwa sana baadaye, hasa mazishini, lakini mwili wa mama hauzijui sifa. Mwenye mimba anayefunga hivyo anapungukiwa damu, anapata kizunguzungu, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Mtoto naye anajifunza kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumfundisha, kwamba kuna mtu anayelipia kushiba kwake. Afadhali fungu la mama litengwe mbele ya macho yao, hata liwe dogo kuliko yote. Wanaomwona mama anakula hula kwa amani.

Usiku wa kuhara ndio unaopima nyumba. Dawa ya kuanzia iko jikoni: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko hichohicho cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu. Kosa baya ni chumvi kuzidi, kwa mkono wa mtu mwenye wasiwasi au kwa kutumia kijiko cha mezani. Inaweza kumdhuru mtoto kuliko ugonjwa wenyewe. Mchanganyiko uonjwe, usiwe na chumvi kupita machozi. Baada ya saa 24 unamwagwa, unatengenezwa mwingine. Pakiti ya unga wa chumvi na sukari (ORS) ya kituo cha afya ikipatikana ni bora zaidi, nayo ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, isigawanywe kwa kukisia ili ifike siku mbili.

Namna ya kunywesha ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa wake hadi miaka 10 apewe 100 hadi 200, kwa kijiko, funda baada ya funda. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayempa kikombe kizima kwa sababu "ana kiu sana" atakiona chote kikirudi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vidonge vya zinki, kwa kipimo cha kituo cha afya na kwa siku 10 hadi 14, huendelea hata kuhara kukikoma, na ndivyo vinavyoachwa siku ya tatu kwa sababu mtoto "amepona".

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikivutwa ikarudi taratibu, choo kikiwa na damu, au mtoto akashindwa kunywa, safari ya hospitali ianze hapohapo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo kwa pumzi za haraka akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Zihesabiwe dakika nzima, kifua kikiwa wazi. Nyumba maskini hukosea hapa kwa sababu moja inayoeleweka: inasubiri kupambazuke ili ione kama gharama itaepukika. Ndiyo maana wazazi wengi waliojaliwa akili ya kupanga walikuwa na kitu kimoja kisichoguswa kwa shida nyingine yoyote, wala kwa ada, wala kwa wageni. Kilikuwa cha usiku kama huo. Na jirani mwenye baiskeli alikuwa ameshaombwa siku nyingi kabla, wakati kila mtu ni mzima.

Kusoma usiku nako kuna ufundi wake. Utambi wa chemli ukatwe sawasawa. Ukiwa na pembe, moto unapanda upande mmoja na kuipaka chimni masizi. Kuupandisha utambi kupita kiasi hakuongezi mwanga, kunaongeza moshi na kumaliza mafuta. Chimni ikisuguliwa kwa karatasi kavu kila jioni, na taa ikawekwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa, mwanga unakuwa mwingine kabisa. Anayeandika kwa mkono wa kulia akae taa ikiwa kushoto kwake, asijifunike kwa kivuli cha mkono wake mwenyewe. Kibatari kisicho na chimni kiwekwe ndani ya sinia lenye mchanga, mbali na pazia na nywele. Na mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja. Mtoto akiyanywa asitapishwe, maana yakipanda huingia mapafuni, apelekwe hospitali.

Hata hivyo taa nzuri kuliko zote ni mchana. Mzazi anayekubali mbuzi warudi mapema nusu saa, au achote yeye ndoo ya jioni ili kijana amalize hesabu kabla ya giza, amemsomesha kuliko anayempigia kelele za "soma, soma" saa 3 usiku. Asiyejua kusoma naye ana nafasi yake. Amwambie mtoto asome kwa sauti huku kidole kikifuata mstari, na amuulize, "Hapo anasema nini?" Mtoto anayebabaisha husita kwenye swali hilo. Madaftari yafunguliwe kila wiki. Alama nyekundu za mwalimu hazihitaji kisomo kuziona, na ukurasa uliochanwa pia una habari yake.

Michezo haihitaji maelezo mengi. Mpira wa matambara unadunda ukiwa na mfuko mwepesi wa plastiki uliojazwa hewa kidogo na kufungwa katikati, ukazungushiwa tambara, kisha kamba iliyokazwa kwa kupishana kama wavu. Kamba ikizungushwa upande mmoja tu, mpira unakuwa yai baada ya dakika chache. Mtu mzima anayekaa chini kuifunga kamba hiyo, kwa sababu vidole vya mtoto havina nguvu ya kukaza, ametumia robo saa itakayokumbukwa miaka 40.

Ngumu kuliko vyote hivi ni kusema ukweli kuhusu pesa. "Kesho" ndilo neno linaloharibu. Mtoto anayeambiwa kesho mara kumi hajifunzi subira, anajifunza kwamba neno la baba halina uzito. Afadhali "Hatuna. Tukiuza mavuno tutaanza na madaftari, viatu vitafuata, mpira mwaka huu haupo." Ni maneno machache yenye mpangilio, na mtoto wa miaka 7 anaweza kuyabeba, kwani tayari anajua nyumba ipi ina nini. Asichoweza kubeba ni mahesabu ya madeni, nani anamdai nani, baba amenyanyaswa vipi na mdai wake. Kumfanya mtoto mshauri wa shida za wakubwa ni kumpa ndoo ya lita 20 kwa njia nyingine.

Ishara ya kuogopa ni mtoto aliyeacha kuomba. Watu humsifu, "Huyu ana akili, haombi kitu." Mara nyingi ameshaanza kuficha. Barua ya shule kuhusu mchango inakaa mfukoni hadi inafuliwa. Anasema hakuna safari ya darasa. Anasema kiatu hakibani. Aulizwe kwa upole, akiwa anafanya kazi nyingine, asiwe amesimamishwa mbele ya watu, na aambiwe wazi kwamba kuuliza si kosa hata kama jibu ni hapana.

Kuku wa mtoto ni somo zuri la mali, na ni mahali ambapo upendo mwingi umevunjika. Anapewa kuku mmoja, analala macho akihesabu: mayai yanalaliwa siku 21, vifaranga vikitoka vitano ni vyake. Halafu shida inakuja, na kuku anauzwa au anachinjwa mtoto akiwa shuleni. Wakubwa hawaoni ajabu, shida ilikuwa ya kweli. Mtoto haoni shida, anaona kwamba "chako" lilikuwa neno la mchezo. Kama hakuna namna, aambiwe kabla, siyo baada, asimame pale kuku anapokamatwa, na deni liandikwe kwa mkaa ukutani: kuku mmoja, kwa fulani. Na lilipwe, hata kwa kifaranga. Waliolipwa deni la ukutani husimulia habari hiyo kwa wajukuu. Wasiolipwa nao pia.

Isidhaniwe kwamba mapenzi yanafuta umaskini. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 walifuatiliwa kwa miongo kadhaa, na wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith wakaandika matokeo. Karibu theluthi moja walizaliwa kwenye mazingira magumu, umaskini ukichanganyika na uzazi wenye matatizo, ugomvi au ulevi nyumbani. Kati ya hao, wawili kwa kila watatu walipata matatizo makubwa ya masomo, tabia au afya ya akili kabla ya utu uzima. Mmoja kwa kila watatu alikua akawa mtu mwenye kujiamini, kazi na moyo wa kujali. Kundi hili lilikuwa na mtu mzima walau mmoja imara aliyewashika tangu utotoni, wakati mwingine mzazi, wakati mwingine bibi, shangazi au jirani. Na wengi wao walikuwa na kazi za nyumbani ambazo nyumba ilizitegemea kweli, kama kulea mdogo. Kwa hiyo kidumu cha lita 3 hakikuwa mateso. Ila theluthi mbili ni nyingi, na anayesimulia utoto wa namna hii kama vile njaa ilikuwa mwalimu mwema anawasahau waliokuwa darasa moja naye.

Waliotoka salama nao wana mabaki. Wanakula haraka, mkono wa kushoto ukilinda sahani. Hawatupi kopo. Wananunua vitu viwili kwa hofu ya kuisha, kisha wanaona aibu kuvitumia. Wengi wana kigugumizi cha kuomba msaada, wakiumwa wanasema "ni kawaida tu" hadi walazwe. Kwa watoto wao wanapindukia upande wa pili: kila kitu kinanunuliwa kabla hakijaombwa, na mtoto anafika miaka 12 hajawahi kungojea chochote wala kutengeneza chochote. Ukiona hivyo, anza na jambo moja dogo. Mpe sindano, uzi wa urefu wa mkono mmoja, na soksi iliyotoboka.

Na kule nyumbani walikobaki wazee kuna tatizo jingine la vitendo. Waliozoea kukosa hawajui kupokea. Blanketi jipya unalolipeleka litasifiwa, litapapaswa, litakunjwa na kutiwa sandukuni likiwa na lebo yake, lisubiri wageni. Ukirudi baada ya mwaka utalikuta palepale, lina harufu ya sanduku, na mama bado anajifunika lile lililobaki nyuzi. Kumsihi hakusaidii, atakuitikia kisha utakapoondoka atalirudisha. Wanaofanikiwa hukata lebo kabla ya safari, hulifua mara moja lipoteze ule upya wake, wakifika hulitandika wenyewe kitandani mchana, na lile la zamani huondoka nalo garini kesho yake asubuhi, kabla hajamaliza kupika chai ya kuwaaga.